Tukuyu hadi Matema: nilivyopanga likizo ya kupumzika na mama anayeumwa magoti

Nilipoanza kupanga likizo ya mwezi wa sita nilikuwa na masharti yangu. Mama yangu mzazi, ambaye ameshavuka miaka sabini na magoti yanamsumbua, lazima awepo. Watoto wapate maji ya kuogelea. Na mimi nirudi kazini nikiwa nimelala vya kutosha. Mume wangu alitaka kitu kimoja tu, kulikimbia joto la Dar. Ukiyapima hayo yote kwa pamoja, unajikuta unaangalia kusini magharibi, wilaya za Rungwe na Kyela mkoani Mbeya.

Kwa asiyeijua njia hiyo, ukifika Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, unaiacha barabara kuu ya Tunduma na kushika ile ya mpaka wa Malawi. Inapanda safu ya Uporoto, inapita ubavuni mwa Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, kisha inateremka Tukuyu kwenye chai na migomba. Baada ya Tukuyu inazidi kuteremka hadi Kyela kwenye mpunga na kakao. Nchi yote hiyo imeumbwa na volkano, ndiyo maana milimani kuna maziwa yaliyokaa ndani ya kreta, kama Ngosi na Masoko, na huko chini kabisa kuna Ziwa Nyasa ndani ya Bonde la Ufa, lenye kina kinachozidi mita 700. Yaani ndani ya safari fupi ya gari unatoka kwenye sweta unaingia kwenye kaptula.

Mteremko huo ndio uliotupangia likizo. Niliamua tuanze na milima na kumalizia na ziwa. Mtu anapotoka nyumbani bado ana nguvu na hamu ya kutembea, kwa hiyo vilima viwe mwanzo. Akishachoka kidogo, ashuke kwenye joto na mchanga, pasipo na cha kupanda. Ukigeuza, ukaanza na Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, watoto watakulilia kuondoka majini, na mzee atapelekwa kwenye baridi wakati mwili umeshazoea joto.

Mwezi wa sita tuliuchagua kwa sababu ya shule, lakini una faida zake. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini, na kuanzia Novemba hadi Mei njia za msituni huwa utelezi mtupu. Juni mvua imepungua, ingawa manyunyu hayakosekani. Baridi ndiyo usiidharau. Tukuyu usiku ni blanketi mbili na soksi, na mama tulimfungia shuka la ziada na chupa ya maji moto ya kulalia. Jambo jingine la kujua ni upepo wa kusini mashariki, ambao miezi hiyo huchafua Ziwa Nyasa, hasa kuanzia mchana. Kwa hiyo mambo yote ya mtumbwi niliyaweka asubuhi mapema tangu nyumbani, kwenye daftari.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, ya kufuta. Kila ndugu aliyesikia tunakwenda Mbeya alikuwa na lake. Nendeni Kitulo, nendeni mkaone Kimondo cha Mbozi, msikose kuvuka Kasumulu mkaione Malawi. Kitulo ni hifadhi nzuri mno, naipenda, lakini maua yanayoipa jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Kwenda Juni na mzee juu ya nyanda zile za baridi kali ni kumtesa. Kimondo kiko upande mwingine kabisa, njia ya Tunduma. Mume wangu alikitetea Kimondo kwa nguvu, nami nilimwonyesha kwenye ramani kuwa siku nzima ingeishia barabarani. Tukakubaliana kuwa siku moja ina jambo moja, na jambo hilo liishe kabla ya chakula cha mchana. Saa za jioni hazipangiwi kitu.

Malazi sikuyachagua kwa picha. Nilipiga simu na kuuliza maswali ambayo picha haziyajibu. Kuna ngazi ngapi kutoka getini hadi chumbani? Choo ni cha kukaa? Maji ya moto yanatoka bombani au yanaletwa kwa ndoo? Kuna sehemu ya kukaa nje yenye jua la asubuhi? Dada mmoja wa mapokezi Tukuyu aliniambia, "Subiri mama, ngoja nikazihesabu hizo ngazi," akaniacha hewani, akarudi na jibu. Nililipa kianzio siku hiyohiyo. Kwa upande wa Matema nilichukua hosteli ya kanisa, vyumba vya chini, vyandarua vizima, mlango unaofungukia mchangani. Kule ni bondeni na malaria ipo, chandarua si cha kubembelezana.

Kuhusu usafiri, mabasi ya Kyela yanaondoka alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi, na ukikaza unafika siku hiyohiyo, ila usiku. Kwa magoti ya mama hilo halikuwezekana. Tulikata tiketi hadi Iringa, tukalala, kesho yake tukaendelea. Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, watoto wakawaona tembo na twiga dirishani bila kulipa kiingilio. Milima ya Kitonga tuliipanda kukiwa bado kweupe. Mbeya mjini tulipokewa na dereva wa Noah niliyekuwa nimeelewana naye kwa simu. Gari hatukulikodi kwa likizo nzima. Tulilichukua siku za kuhama na siku za matembezi tu, zilizobaki miguu na bajaji vilitutosha. Hapo ndipo pesa ilipookolewa.

Kabla ya Tukuyu tulisimama Kiwira, kwenye mikungu ya ndizi iliyopangwa kando ya lami. Mama alishuka mwenyewe. Aliibonyeza mzuzu kwa kidole gumba, akainusa malindi, akaamkiwa na kila muuzaji, akaitikia marahaba zote bila haraka. Maparachichi ya pale ni makubwa kuliko ngumi mbili na bei yake ukilinganisha na Dar unaona haya kuipunguza. Tulinunua, na jioni jikoni pale loji walitupikia mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizoiva na nyama hadi mchuzi ukawa mzito. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari ya wali mpaka tulipofika Kyela.

Ziwa Ngosi lilikuwa jambo la siku yake, na mama hakupanda. Njia inaanzia Isongole. Unalipia kiingilio cha hifadhi ya msitu, unachukua mwongozaji, gari linakusogeza, kisha unapanda kwa miguu ndani ya msitu hadi ukingo wa kreta, juu ya mita 2,500. Mwongozaji alimtazama mama alivyoshuka garini, akaniambia kwa upole, "Mama, bibi asipande. Mimi na wewe na vijana twendeni, bibi tumtafutie kiti hapa chini." Akaomba kiti na chai kwa jirani, na mama akabaki na mume wangu wakipiga soga na wenyeji. Huko juu mwinuko wa mwisho ni mkali, unashika mizizi kwa mikono. Kuna mianzi na migomba pori yenye majani mapana, na ukungu unaopita kati ya miti. Halafu miti inaachia, na ziwa liko chini yako, la kijani kizito, urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, limezungukwa na kuta za msitu pande zote bila mto wowote unaotoka. Binti yangu alikaa juu ya mzizi na hakusema neno kwa muda. Hatukushuka hadi majini. Njia ya kushukia ni ya hatari, na ukingoni tayari unapata kila ulichokifuata.

Siku nyingine tulikwenda Daraja la Mungu, na hapa mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Ni mwamba wa asili uliovuka juu ya mto Kiwira, uliotokana na lava, na maji yanapita chini yake kwa kishindo. Gari linafika karibu, kwa hiyo ni mahali pa kumpeleka mzee bila wasiwasi. Jirani yake kuna Kijungu, ambako mto huohuo unazama kwenye chungu cha mwamba na kuzunguka. Watoto washikwe mkono, maana mawe yanateleza na kingo hazina uzio wa kutegemewa. Ziwa Masoko tulilipitia bila kukaa sana. Ni dogo, la mviringo, tulivu, na kando yake lipo boma la Wajerumani la kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji wanasimulia kuwa askari walitupa sarafu zao ziwani walipokuwa wakikimbia. Mwanangu wa kiume alitafuta ufukweni hadi tukamwita kwa chakula.

Siku zilizobaki Tukuyu hatukufanya kitu. Nasema hivyo kwa furaha kabisa. Mama alikaa juani na kufuma, mimi nilisoma na kusinzia, watoto walicheza mpira na vijana wa jirani na wakajifunza kusema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kila wanapopewa kitu. Kama ningekubali ile orodha ya ndugu, siku hizo ndizo zingekuwa za kwanza kuliwa.

Kuteremka Matema ni safari ya asubuhi moja. Toa pesa Tukuyu au Kyela kwenye mashine za benki kabla hujaendelea, kwa sababu mbele utawategemea mawakala wa simu, na wakala naye huishiwa. Lami inapita Kikusya na Ipinda hadi ziwani. Joto linaingia garini kilomita kwa kilomita, masweta yakavuliwa, na mwisho wa barabara ndipo penye ufukwe wa mchanga na Milima ya Livingstone iliyosimama wima kando ya maji.

Kuogelea niliuliza kwanza wavuvi na wahudumu. Jibu lao lilikuwa moja, ogeleeni hapa penye mchanga safi, msisogee kwenye midomo ya mito, huko kuna mamba, wala kwenye matete, kwa ajili ya kichocho. Watoto wakawekewa mpaka kati ya mti na mtumbwi, na asubuhi nzima walikuwa majini. Chakula cha mchana unakiagiza wakati wa chai, vinginevyo utakula saa kumi. Samaki anaitwa mbasa. Wanamkaanga au kumpika mchuzi, na wali wa Kyela unanukia kabla sahani haijafika. Dawa za presha za mama nilibeba za kutosha na ziada, lakini kujua kuwa hospitali ya Walutheri ipo palepale Matema kulinipa usingizi.

Nilipanga kwa makusudi Jumamosi ituone Matema, kwa sababu ya mnada wa vyungu wa Lyulilo. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, chini ya milima, huvileta kwa mitumbwi, vikiwa vimefungwa kwa nyasi na fito visigongane. Tulimkuta mama mmoja akifungua mzigo wake. Kila chungu alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha ama akakiweka mbele ama akakisukuma nyuma yake. Mama yangu akainama pale kwa shida, akaanza kugonga naye.

"Hiki vipi, mwenzangu?"

"Hicho kimepata ufa, dada. Chukua hiki, utapikia mpaka wajukuu waolewe."

Wakacheka, wakakaa. Niliwaletea maji nikaondoka, na niliporudi walikuwa wameshafika kwenye habari za magoti na mafuta ya kuchulia. Vyungu viwili vilisafiri na sisi, vimezungushiwa kanga za mama, na havikupata hata mkwaruzo.

Kurudi, mama na binti yangu walipanda ndege kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Tiketi nilizinunua miezi mapema, na fedha yake ilitoka kwenye Kimondo, Kitulo na gari ambavyo hatukuvilipia. Sisi wengine tulirudi kwa basi. Kama una mzee, fikiria hivyo: kwenda kuna hamu, na hamu inasaidia kuvumilia kiti cha basi, lakini kurudi hakuna kinachomvuta, na uchovu wa njiani unaweza kufuta raha yote aliyoipata.

Mama ameshaniuliza kama Oktoba Tukuyu kuna baridi. Nimemwambia ni mwezi mzuri, mvua za Novemba hazijaanza na upepo wa ziwani unakuwa umepungua. Ameanza kuweka nauli, na amesema safari hii tukae Matema muda mrefu zaidi, na Jumamosi mbili ziwemo.