Zile mara 26 za Bill Withers

Mwenye kigugumizi anajua daladala ni mtihani. Kupanda hakuna shida, nauli unamwekea konda mkononi yameisha, shida ipo kwenye kushuka. Mimi neno "shusha" limenitesa miaka na miaka aisee, nikilianza tu ile "sh" inaganda hapohapo, gari inapita kituo changu, inapita na kinachofuata, kuna siku nikiwa darasa la sita nilipelekwa mpaka mwisho wa gari halafu nikarudi kwa mguu hadi Majengo jua la saa nane kisa neno moja. Baadae nikajifunza kugonga bati na sarafu, konda akisikia anajua kuna mtu anashuka.

Sasa ndo maana leo nataka kumuongelea Bill Withers. Hapa Moshi wengi wanamjua bila kujua wanamjua, Lean on Me mimi mwenyewe nimeisikia kwenye mahafali na kwenye harusi kabla sijajua imeimbwa na nani, na Lovely Day inapigwa sana tu kwenye redio asubuhi, ile anavuta neno moja mwishoni sekunde 18 hapumui. Lakini ukiuliza ni nani huyo mtu wanakwambia tu aah ni wale wazungu weusi wa zamani.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 sehemu inaitwa Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani, mtoto wa mwisho katika sita, akakulia Beckley hapo jirani. Baba yake alifariki yeye ana miaka 13, malezi yakawa ya mama na bibi mzaa mama aliyeitwa Lula. Na alikuwa na kigugumizi, tena sio kile cha kukwama mara mojamoja, kile hasa. Akiwa na miaka 17 akaingia jeshi la wanamaji akakaa miaka 9, na anavyosimulia mwenyewe mpaka anakaribia miaka 28 ndo kikaanza kumwachia. Alikuja kueleza kwamba kwake shida ilikuwa kuogopa yule anayemsikiliza atamchukuliaje. Niliposoma hiyo sentensi nilikaa nayo siku nzima, maana na mimi nikiwa peke yangu naongea vizuri kabisa, nikiongea na mbwa sikwami hata herufi moja.

1967 akahamia Los Angeles, akapata kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya ndege, kazi yake ikiwa kutengeneza vyoo vya ndege. Gita alinunua la bei rahisi kwenye duka la vitu vilivyowekwa rehani, akajifunza mwenyewe, akawa anatunga baada ya kazi na anarekodi nyimbo za mfano, zile za kuwasikilizisha wenye kampuni za muziki, kwa mshahara wake. Clarence Avant mwenye lebo, yaani kampuni ya muziki, ya Sussex Records akamsikia akamchukua, akamkabidhi kwa Booker T. Jones, yule mpiga kinanda wa Memphis, na 1971 ikatoka albamu ya Just As I Am. Bill ana miaka 32 anaingia 33. Kwa muziki huo ni umri ambao wenzake walishatoa albamu tano na wengine walishachuja.

Angalia kava ya hiyo albamu. Picha alipigwa kiwandani wakati wa mapumziko ya mchana, ameegemea ukuta wa matofali, kavaa tisheti na jinzi, mkononi kashika kiboksi chake cha chakula. Mimi nafanya kazi karakana ya kuchomelea mageti, na kila siku nakuja na hotpoti yangu, kwa hyo ile picha kwangu ni picha ya mtu ninayemfahamu. Hakukimbilia kuacha kazi kwa sababu karekodi, alisema muziki sio kitu cha kuaminika, na wimbo ulipouza lebo wakampa zawadi ya choo cha dhahabu.

Wimbo wenyewe ni Ain't No Sunshine. Ulianza kama wimbo wa upande wa pili wa sahani, watangazaji wa redio ndo wakaigeuza. Ni mfupi sana, dakika mbili na ushee. Katikati pale kulikuwa na nafasi ya beti ambayo alikuwa hajaiandika, akawa anajaza tu na "I know, I know, I know", yaani najua najua najua, akipanga atarudi kuweka maneno. Wale wanamuziki waliokuwepo studio, Booker T., Al Jackson kwenye ngoma, Duck Dunn kwenye besi, Stephen Stills kwenye gita, wakamwambia acha hivyohivyo. Yeye ni mgeni, wao ndo wazoefu, akawasikiliza. Amelirudia mara 26.

Sisemi alilirudia kwa ajili ya kigugumizi, hapana, pale alikuwa hajamaliza tu kutunga. Ila mimi maisha yangu yote kurudia neno ndo kitu nilichochekewa, shuleni walikuwa wananiigiza, na mwalimu mmoja akaona bora aniruke kwenye kusoma kwa sauti ili muda usipotee. Halafu nakuta mtu aliyepita humohumo karudia neno moja mara 26 mfululizo na dunia nzima inasubiri ifike pale. Siku niliyojua hiyo habari nilikuwa kwenye Kosta natoka Arusha, tuko Boma Ng'ombe, nikaurudia kwenye simu mpaka tunaingia stendi ya Moshi.

Na ukisikiliza tungo zake maneno ni machache na ni ya kawaida, ya mtu ambaye kila neno lilimgharimu kulitoa. Grandma's Hands ndo mfano, aliimbia ile mikono ya bibi Lula, inavyopiga makofi kanisani na inavyouma na kuvimba. Mimi wangu alikuwa Kibosho. Nikikwama alikuwa hanimalizii neno kama watu wengine, anaendelea kumenya ndizi zake taratibu, mikono imeshika weusi wa utomvu, haniangalii wala haangalii pembeni, mpaka neno litoke ndo ananijibu. Nikisikia ule wimbo naona zile kucha.

1972 Lean on Me ikashika namba moja Marekani. 1974 alikuja mpaka huku kwetu Afrika, Kinshasa, lile tamasha la kabla ya pambano la ngumi la Ali na Foreman, jukwaa moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Baadae Sussex ikafa akahamia Columbia, na huko hawakuelewana, wakubwa wa lebo walikuwa wanamfundisha kuimba, mpaka wa kumwambia arudie wimbo wa Elvis wapo. Just the Two of Us aliyoimba na Grover Washington Jr. ikampa tuzo ya muziki ya Grammy 1982, albamu yake ya mwisho ikatoka 1985, akafunga akarudi nyumbani kulea watoto. Hakurudi tena kwenye biashara ile. Watu wanasema alipoteza kipaji, mimi naona alijua kushuka kituo chake. Amefariki tarehe 30 Machi 2020, miaka 81.

Ipo filamu ya maisha yake ya 2009, Still Bill, kuna sehemu anakaa na watoto wenye kigugumizi New York, mzee anatokwa na machozi. Mwezi uliopita nilimwonyesha dogo mmoja anayejifunza kazi hapa karakanani, ana miaka 17 na anakwama kuliko mimi. Hakusema kitu. Kesho yake mchana tunakula akaomba niweke ule wimbo wa najua najua, tukazima mashine, akawa anahesabu kwa vidole vyenye masizi, midomo inacheza. Ulipoisha tukamsubiri, fundi mkuu naye katulia na kijiko chake, likatoka polepole, ishirini na... na... na tano.

Tukaurudisha mwanzo.