Greni 270 au 300: Julai moja Selous

Mgeni alikuja na masanduku mawili ya risasi za bunduki moja, .375 H&H Magnum: moja la greni 300, jingine la greni 270 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi). Ilikuwa Julai 2011, msimu umefunguliwa juzijuzi tu, nami nilikuwa najifunza kazi chini ya mwindaji bingwa mmoja katika kitalu cha Selous, kusini mwa Rufiji. Asubuhi ile kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi za shabaha kwenye kichuguu na kusoma matundu kwa darubini.

Matundu yalikuwa hovyo. Risasi za kwanza, zote greni 300, zilitua chini ya shabaha, kila moja upande wake. Juu ya nyusi ya kulia ya mgeni palikuwa na kovu jipya lililopinda kama mwezi mwandamo: pete ya darubini ya bunduki ilikuwa imemrudia usoni huko kwao.

Bosi wangu hakusema neno. Aliichukua bunduki kama anayemjazia risasi, akaingiza ganda tupu, akafunga, akamrudishia. Mgeni akalenga, akavuta triga. Ikalia "tik" basi. Lakini mtutu ulizama karibu kiganja kizima, na macho yakafumba. Pale hapakuwa na la kubishania: bunduki haijalia, bega limeshakimbia.

Jioni, kando ya moto, mgeni akaomba nyati wake ampige kwa greni 270, kwa kuwa teke lake, yaani bunduki inavyorudi begani, litakuwa dogo. Mzee wetu wa kufuata nyayo, Mngindo wa Liwale, nilipomtafsiria, aliunga mkono moja kwa moja.

"Kijana wangu," aliniambia, "nyepesi iliyoingia moyoni inaishinda nzito iliyoingia utumboni. Huyo wa utumboni nitamfuata mimi kwenye matete, si ninyi."

Kuhusu utumbo alisema kweli tupu, na mtu aliyewahi kumfuata nyati mwenye jeraha hasemi hivyo kwa kujionyesha. Kuhusu teke sikukubaliana naye, nikafungua daftari. Greni 300 ni gramu 19.4, na hutoka kwa mwendo wa mita 771 hivi kwa sekunde. Greni 270 ni gramu 17.5, ila kiwanda hakiachi itoke kwa mwendo uleule; huisukuma mpaka mita 820 hivi. Zidisha uzito kwa mwendo, maana hicho ndicho kinachoirudisha bunduki nyuma, uone: tofauti ni asilimia 4 tu. Na baruti nayo ina uzito, gramu 5 hivi, nayo hutoka mdomoni ikiwa gesi yenye kasi kuliko risasi yenyewe. Bunduki ya kilo 4 na ushei inakuja begani kwa mita 5 hivi kwa sekunde, uweke sanduku hili au lile. Nafuu ya kuhisiwa kwenye .375 ungeipata kwa kushuka hadi greni 235, na hiyo kwa nyati siitaki kabisa. Kwa swala ni jambo jingine: ukiwa na .30-06, bunduki ya risasi nyembamba zaidi, kutoka greni 180 kwenda 150 kunakupunguzia kama asilimia 10 ya msukumo wa risasi, na mnyama haoni tofauti. Ila sheria yetu haikuruhusu kumpiga nyati kwa kitu kilicho chini ya unene wa .375.

Bosi alisoma hesabu yangu, akasema kinachotibiwa ni mtu, si risasi.

Kesho yake meza ya kulengea iliondolewa. Ukikaa mezani umeinama mbele, bega halina pa kwenda, teke lote linaishia mfupani. Ukisimama, mwili unarudi nalo. Darubini ya bunduki ilisogezwa mbele upana wa vidole viwili. Masikio yakazibwa mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu, kwa sababu mtu huogopa mlio kama anavyoogopa teke. Kisha akapewa .30-06 ya kambi, amesimama, mtutu umelala kwenye magongo matatu, na bosi akimchanganyia maganda tupu bila kumwambia. Mtutu ulipoacha kuzama ndipo akarudishiwa .375 yake, risasi chache tu, zote greni 300.

Nyati dume tulimkuta kwenye ukingo wa miombo, hatua kama sabini, amesimama ubavu. Mgeni alipiga nyuma tu ya bega. Dume alikimbia akaingia vichakani, tukasubiri, tukamsikia akilia ule mlio wa mwisho. Wakati wa kuchuna, mzee aliikuta risasi chini ya ngozi ya upande wa pili, imechanua, akanitia kiganjani.

"Ile nyepesi nayo ingefika," akasema.

Nikamjibu ingefika leo, kwa sababu amesimama ubavu. Unene wa zote ni mmoja, kwa hiyo nzito ni ndefu zaidi, na zikiwa za muundo mmoja huzama zaidi. Angekuwa amegeuka nusu, risasi ikabidi ipite kwanza kwenye tumbo lililojaa majani ndipo ifike kifuani, pale greni 30 zina kazi. Mzee akasema nyati aliyegeuka nusu hapigwi, anasubiriwa. Tulibishana hivyo mpaka gari la kubeba nyama likafika.