Siku moja maishani mwangu: kisu baada ya mhunzi kuzima moto

Saa 1 asubuhi. Karakana yetu iko Unga Limited, Arusha, na mzee, mhunzi wetu, hunitangulia kila siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kile cha springi kimetoka kwenye oveni, kiangalie."

Springi za Land Rover na malori ndizo chuma chetu. Jana jioni mzee alilitia bapa la kisu hicho moto mpaka likaacha kushika sumaku, akaliacha lipande joto kidogo tena, akalizamisha kwenye mafuta likawa gumu, kisha likakaa kwenye oveni kuukuu ya mikate kwa joto la nyuzi 200 hivi ili ugumu upungue lisije likavunjika. Napitisha tupa kwenye makali: inateleza, haiumi, maana chuma ni kigumu. Nalitazama kwa mgongo, jicho moja nimefumba. Limenyooka.

Wapita njia husimama kumtazama mzee, maana kwake kuna nyundo na cheche. Nikikaa mimi na msasa hasimami mtu. Ila kwa maoni yangu visu vingi vizuri hufia kwa mmaliziaji, wala si kwa mhunzi.

Saa 2. Mashine ya mkanda wa msasa. Makali bado yana unene wa karibu milimita moja; tuliyaacha hivyo makusudi, kwa sababu makali membamba hupinda au kupasuka yakiingia kwenye mafuta. Sasa nayapunguza. Sivai glavu. Vidole vitupu ndivyo kipimajoto changu: vikiungua, bapa linaingia kwenye ndoo ya maji papo hapo. Chuma kikianza kugeuka rangi ya nyasi kavu, hiyo ni onyo. Kikifika buluu, ugumu wa pale umekwenda, na hakuna msasa wa kuurudisha. Bapa linarudi motoni kwa mzee, na mzee ana maneno.

Saa 4 umeme unakatika. Chai na chapati, halafu msasa wa mkono. Hapa ndipo siku yangu inapoishia kwa sehemu kubwa. Naanza na namba 120, mikwaruzo yote ikienda upande mmoja. Nikihamia 220 nabadili mwelekeo, na sitoki hapo mpaka mikwaruzo ya 120 imefutika yote. Halafu 400, nageuza tena. Ukiruka namba moja kwa haraka zako, mkwaruzo mmoja mrefu utajitokeza wakati unang'arisha, na utarudi mwanzo. Kijana tunayemfundisha ananiuliza kwa nini nisisubiri umeme. Namwambia chukua kipande hiki ukae. Anakaa, ananuna kidogo.

Saa 7 makande, upesi.

Saa 8 ni mpini. Natumia mpingo, vipande vinavyobaki kwa wachongaji wa vinyago. Ni mti mzito hata unazama majini, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa siivui. Matundu ya mkia wa bapa, sehemu inayoshikwa na mpini, niliyatoboa kabla mzee hajakifanya chuma kigumu. Ukisubiri baadaye, drili inapiga kelele tu na biti inaungua. Mpingo una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi. Naukwaruza upande wa ndani, naupangusa kwa spiriti, ndipo napaka gundi ya epoksi na kupitisha vijiti vya brasi, vile vya mafundi wa kuchomelea. Miisho ya mbele ya mpini, inayolalia bapa, naing'arisha kabla ya kugundisha. Baadaye haifikiki bila kukwaruza bapa. Klampu sikazi sana, gundi isije ikatoka yote. Hiki kinalala hivyo hivyo mpaka kesho.

Saa 10. Nachukua kile nilichokigundisha jana, cha mwenye bucha. Naupunguza mpini kwa tupa, kila mara nashika kama ninayekata nyama. Mchinjaji mkono wake una mafuta na damu, kwa hiyo kwa nyuma naacha kibonge kidogo cha kuzuia mkono usiteleze. Msasa, nta, kitambaa.

Kunoa huja mwisho kabisa. Wapo wanaonoa mapema wakafanya kazi mchana kutwa na wembe mkononi. Mimi vidole vyangu navihitaji. Jiwe la maji, upande huu, upande ule, mpaka nisikie kwa kidole unyuzi wa chuma umejikunja upande wa pili. Mkanda wa ngozi unaumaliza. Nywele za mkono zinaondoka.

Saa 11 na nusu mwenye bucha anafika. Anakata gazeti, anacheka. Halafu anakigeuza, anakunja uso. Kwenye mgongo nimeacha ngozi nyeusi ya moto, pale nyundo ya mzee ilipopita. Mimi naipenda kuliko mng'aro wowote.

"Fundi, hapa hukusafisha."

"Hiyo ni alama ya moto, kaka. Imeachwa iwe pambo."

"Wateja wangu watasema nakatia nyama kisu kichafu."

Namtazama mzee. Mzee anatazama kwingine, anatabasamu. Haya, nayafunga makali kwa kitambaa kinene, natafuta msasa namba 120. Kaka anavuta kigoda anakaa, na yeye ndiye mtu wa kwanza leo kuketi kunitazama nikisugua.