Maji ya bwawa yakigeuka kijani, usikimbilie klorini

Masika haya simu zimekuwa nyingi jamani, na karibu zote zinaanza hivohivo: fundi, maji yamekuwa kijani, nimeshamwaga dawa mara tatu na hakuna kitu. Mimi kazi yangu ni mabwawa ya kuogelea, huku Mbezi Beach na Kunduchi, na hili jambo linaniuma maana hela za watu zinapotea na watoto wanaingia kwenye maji ambayo hayafai.

Ijumaa moja kanipigia mzee mmoja, Jumapili wajukuu wanakuja. Nikafika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, njoo ujionee. Maji kijani kama mlenda, ukipitisha kidole ukutani kinateleza, ngazi ya pili tu huioni. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu, umeme unakatika kila saa, pampu haizunguki, afu jua likichomoza tu mchana ndo anamwaga klorini, kopo zima.

Nikachota maji kwa kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, sio yale ya juujuu, nikatia kwenye kipimo cha matone. Upande wa klorini maji yanatakiwa yageuke njano, yalibaki meupe pee. Upande wa pH, yani kipimo cha asidi kwenye maji (namba ikipanda asidi imepungua), yakawa pinki iliyokolea, 8.2, na kipimo chenyewe kinaishia hapo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapoumia. pH inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikiwa 7.2, kama theluthi mbili ya klorini uliyoweka inakuwa kwenye hali ya kuua vijidudu, ikipanda mpaka 8 inabaki kama robo tu, hivo yule mzee kila akimwaga kilo, inayopiga kazi haifiki hata robo kilo, na hiyo nayo kama maji hayana stabilaiza, ile dawa ya kuikinga klorini na jua, jua la Dar linaimaliza ndani ya masaa machache. Tena ile klorini ya chenga yenyewe inapandisha pH na kuongeza chokaa, na anajazia maji ya kisima ambayo huku kwetu yana chokaa tayari, si unaona Wazo wanachimba mawe ya kutengenezea simenti. Ndo maana ukizidisha dawa maji yanageuka kama maziwa.

Kwa hiyo tulianza na asidi ya kushusha pH, kidogokidogo, nikiimimina kwenye ndoo yenye maji (maji yanatangulia, asidi inafuata, usigeuze kamwe), pampu ikizunguka, mpaka kipimo kikasoma 7.4. Na naomba hili ulishike: asidi na klorini zisikutane kabla hazijaingia kwenye bwawa, hata ndoo usichangie, ule moshi wake unaharibu mapafu. Nikasugua kuta zote kwa brashi, kwenye kona na nyuma ya ngazi, maana ule utelezi usipoukwangua dawa haipenyi.

Bwawa lake ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yani lita 48,000. Kulipiga dozi kubwa ya 10 ppm (yani gramu 10 za klorini kwa kila lita elfu) kwa klorini ya asilimia 65 inahitajika kama gramu 740. Haifiki hata kilo! Tukaiweka jua lilipozama, pampu ikaachwa usiku kucha.

Jumamosi asubuhi kijani kimeisha, maji yamekuwa ya kijivu, ni mwani uliokufa huo. Mchana mzima tukachuja, geji ya presha ya filta ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya pale inaposoma ikiwa safi tunageuza maji yasafishe mchanga, tunaendelea. Jioni nikayeyusha shabu, ileile mama zetu wanayotuliza nayo maji ya ndoo, nikaizungusha, nikazima pampu. Jumapili alfajiri uchafu wote umelala chini kama vumbi, nikaufyonza taratibu na kuutoa nje moja kwa moja bila kuupitisha kwenye filta.

Kuna wengine shida yao sio mwani. Kisima kinatoa maji meupe kabisa, ukitia klorini tu yanakuwa kama chai ya rangi. Hiyo ni chuma iliyokuwa imeyeyuka, klorini inaigeuza kutu. Ukiongeza dawa unazidi kupaka kuta madoa, kinachotakiwa ni kuituliza na kuichuja.

Na ile harufu kali inayowasha macho, watu wanasema klorini imezidi. Mara nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, imechoka, na dawa yake ni dozi kubwa jioni bila mtu ndani.

Saa tatu wajukuu wakafika na maboya yao. Mzee akataka waingie palepale, nikamwambia subiri mzee, nikapima tena, klorini 3 ppm, pH 7.4, nikasimama ukingoni upande wa kina kirefu nikaangalia mfuniko wa tundu la chini. Matundu yake yote yanahesabika. Kama siuoni ule mfuniko siruhusu mtoto aingie, hata kipimo kiseme nini, maana mtoto akizama kwenye maji ya ukungu hakuna atakayemwona.

Nikamwambia haya, waingie.