Nilivyochora Nikiwa Kifungoni

Nilihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, nikatumikia miwili baada ya kupunguziwa theluthi kwa tabia njema. Barua nilizomwandikia mama zilisomwa na askari kabla ya kutoka getini, na kwa kuwa nililijua hilo, niliishia kuandika salamu na kwamba afya yangu ni njema. Yaliyobaki yalikosa pa kwenda, na hayo ndiyo yaliyonisukuma kuchora.

Nilianza na mkaa wa jikoni. Karatasi niliipata kwenye mifuko ya saruji, ambayo ina matabaka kadhaa, na lile la katikati huwa safi. Tatizo la mkaa ni kwamba hufutika kwa kuguswa tu. Ilinichukua wiki nyingi kugundua kwamba nikidondoshea mchoro uji mwepesi kwa kitambaa, kisha nikauacha ukauke, wanga hulishika vumbi la mkaa mahali pake. Kwa rangi nyekundu nilitwanga vipande vya tofali, kwa kahawia nilichemsha majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na brashi yangu ilikuwa kijiti cha mwarobaini nilichokitafuna ncha.

Mchoro wa kwanza niliowahi kuukamilisha ulichanwa wakati wa upekuzi, kwa sababu sikuwa nimeomba ruhusa. Uliniuma kuliko siku ya hukumu. Ndipo nilipoomba kupangiwa kazi katika karakana ya useremala, ambako picha zilikubaliwa.

Huko nilimkuta mzee aliyewahi kuuza picha karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alinifundisha mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968: kipande cha hadibodi, rangi ya mafuta ileile inayopakwa milangoni, kwanza usuli wa rangi moja, na ukishakauka ndipo maumbo huwekwa juu yake. Tulichora tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro. Mkono wangu ulikomaa, lakini hapakuwa na picha hata moja ambayo mama angeitazama akajua kuwa ni yangu.

Siku moja ya kufua niliziona sare zetu za rangi ya chungwa zimeanikwa kambani. Sisi tuliitwa kwa namba na nguo zetu zilishonwa sawasawa, ila kila moja ilikuwa imeshika umbo la mwenyewe. Ya mzee ilikuwa imeshuka bega moja, ya kijana wa selo ya pili ilikuwa imelegea shingo kwa kuvutwavutwa, na yangu, yenye kiraka kiwikoni, ilikuwa bado ina mkunjo wa mkono wa kushoto, kama nilivyozoea kukunja tangu utotoni. Nilizichora sare 7 bila mtu hata mmoja, kwa siku 11, kwa maana kila rangi ilipaswa kusubiriwa ikauke.

Nilipotoka niliruhusiwa kuichukua picha hiyo. Mama aliisimamisha juu ya kabati, akavuta kiti, akaikagua kamba yote kimya kimya kuanzia kushoto, kisha akaweka kidole kwenye sare ya tano na kuniuliza ni nani aliyenishonea kile kiraka.