Baba mdogo alipoacha kiti

Juzi kijana wangu alinijia na daftari la Uraia, ibara ya 107A ya Katiba: mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. "Sasa baba, kama hakimu anamjua mtu?" Nikamwambia akanywe chai kwanza. Mimi nilishamkumbuka baba mdogo.

Ilikuwa kesi ya kiwanja cha kuanikia dagaa. Siku hizo mabaraza ya kata yalikuwa bado yanaamua kesi za ardhi. Tangu 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu. Baba ndiye aliyeshtaki, akidai jirani kavuka mpaka wa minyaa. Jirani akasema minyaa yenyewe ilihamishwa. Na mwenyekiti wa baraza alikuwa baba mdogo, tumbo moja na baba. Mwalo mzima ulishatoa hukumu: kesi ya nyani kapelekewa ngedere. Baba alivaa shati la Jumapili.

Baba mdogo akaingia, akavaa miwani, akafungua daftari. Upepo wa ziwa ukawa unafunua kurasa, akazikandamiza kwa kiganja. Akasoma jina la mdai, akanyamaza. Kisha akavua miwani, akaikunja mguu mmoja, halafu wa pili, akaitia mfukoni.

"Mdai ni kaka yangu. Sikai."

Akamsogezea daftari mama mmoja mjumbe, akatoka zake, akasimama chini ya mwembe akitupa mgongo.

"Huyu anakwenda wapi?" baba aliniuliza mimi, mtoto! Jirani naye, aliyekuja na mashahidi na hasira yake yote, alibaki ameduwaa.

Wajumbe walikwenda kiwanjani, wakakuta visiki vya minyaa ya zamani upande wetu. Baba akashindwa. Mwezi ulipoingia gizani na dagaa kuanza kuvuliwa, yeye na jirani walikuwa wanaazimana karabai kama kawaida.

Ila na baba mdogo, salamu ilikatika. Kwenye msiba wa bibi walikaa pande mbili za turubai, mama akiwapelekea chai mmoja mmoja.

Nilipokua nilimuuliza baba mdogo kama asingeweza kukaa na bado akaamua sawasawa. "Ningeweza," alisema. "Nani angeamini?" Baba naye mpaka leo anasema mdogo wake alimwogopa jirani tu, hakuna cha haki wala nini. Nikiwa kwake, huwa simbishii.