Gunia la Deneys Reitz

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, na kurasa za mwisho za kumbukumbu za Deneys Reitz nimezisoma kwa tochi ya simu. Nimeshinda na huyu Kaburu wiki nzima, na bado sijui nimpende au nimkasirikie.

Vita na Waingereza vilipoanza Oktoba 1899 alikuwa na miaka 17, na mwandikishaji akamkatalia kwa udogo. Baba yake, mkubwa katika serikali ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu, akampeleka kwa Rais Kruger mwenyewe, na kijana akatoka na bunduki mpya ya Mauser. Farasi alikuwa naye. Kumbe hata vitani kujuana kunasaidia!

Kilichoning'ang'ania ni gunia. Mwaka 1901 alifuatana na kundi la Smuts, jenerali wa Makaburu, wapanda farasi mia mbili na ushei, kupenya hadi Koloni ya Rasi, iliyokuwa chini ya Waingereza. Nguo zilikuwa zimemwishia mwilini, akatoboa gunia la nafaka tundu la kichwa na mawili ya mikono, akalivaa. Usiku mmoja wa mvua na baridi kali gunia lile likaganda mwilini mwake, na kulipokucha makumi ya farasi walikuwa wamelala chini, wamekufa. Siku chache baadaye, tarehe 17 Septemba, wakakivamia kikosi cha farasi cha Waingereza huko Elands River. Afisa majeruhi, Lord Vivian, akamwonyesha hema lake lilipo. Reitz akaingia na gunia, akatoka na sare ya afisa.

Asichojua ni kwamba Kitchener, mkuu wa majeshi ya Waingereza, alikwisha kuamuru Kaburu atakayekamatwa na sare ya Kiingereza apigwe risasi. Wenzake kadhaa ndivyo walivyokufa, bila kujua kosa lao.

Kuna mwingine namfikiria. Reitz na kaka zake walifuatwa vitani na mtumishi Mwafrika, akiwapikia na kuwatunzia farasi. Anaitwa Charley, basi. Majenerali wana majina matatumatatu, Charley ana moja.

Amani ikatiwa saini Mei 1902. Reitz akakataa kula kiapo kwa mfalme wa Uingereza, akaenda zake Madagaska, akawa mchukuzi wa mizigo kwa mikokoteni, malaria ikimtafuna. Kumbukumbu alianza kuziandika hukohuko. Barua ya mke wa Smuts ndiyo iliyomrudisha nyumbani, na nyumbani kwa Smuts ndiko alikouguzwa akapona. Akasomea sheria, akafungua ofisi ya uwakili Heilbron.

Halafu akaja kwetu. Yule aliyekataa kuishi chini ya bendera ya Uingereza aliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na jeshi la Smuts, safari hii akiipigania bendera hiyohiyo. Hapo nilikifunga kitabu, nikaenda kwa baba mdogo. Alikuwa bwana mifugo Kondoa kabla ya kustaafu.

"Shikamoo baba. Makaburu walifika Kondoa na farasi?"

"Marahaba. Walifika mwaka kumi na sita, masika. Kutoka, walitoka kwa miguu."

Akaniwekea viganja viwili mbele ya uso, kimoja juu ya kingine. "Ukitaka kumjua ndorobo, mtazame akitua. Mabawa yanalaliana hivi, kama mkasi uliofungwa. Inzi wa kawaida yake yako mbalimbali. Farasi akishapata nagana, ugonjwa anaouleta ndorobo, anakonda huku anakula. Anakula, anakonda, miguu inavimba, siku moja hainuki. Siku hizo dawa ilikuwa wapi?"

Farasi walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa wapagazi. Kariakoo tunakonunua nyanya ilipata jina kutokana na jeshi lao, Carrier Corps.

Reitz alikwenda hadi Ufaransa, akaongoza kikosi cha Royal Scots Fusiliers, Waingereza walewale. Baadaye akawa waziri, na mwaka 1939 naibu waziri mkuu wa Afrika Kusini. Alifia London mwaka 1944, akiwa mwakilishi wa nchi yake.

Baba mdogo alisikiliza yote, akanyamaza kidogo. "Na yule mpishi?"

Nikamwambia Charley alirudi kwao vita vikiwa havijaisha, na kitabu hakimfuati tena.

"Hebu niletee hicho kitabu kesho," akasema. "Hapo kwenye farasi nitapasoma mwenyewe."